Bonde Lenye Kona Kumi na Saba

Mlinzi wa kwenye vitabu nilivyosoma hana mwili. Hana kiu, hasinzii, haendi haja, na jua la saa saba mchana halimfanyi kitu. Ni nukta tu. Unamweka kwenye kona ya umbo, unamwambia atazame, naye hutazama pande zote kwa pamoja, mbali kadiri upendavyo, ilimradi asizuiwe na ukuta. Miaka mitatu huko Dar es Salaam nilishughulika na nukta hizo, nikapewa shahada ya pili kwa ajili yao, watu wazima wakanipigia makofi. Niliporudi Pemba kufundisha hisabati katika skuli moja ya sekondari karibu na Konde, nilikuwa nimeshasahau kuwa kuna walinzi wa namna nyingine.

Swali lenyewe mtoto wa darasa la sita analielewa. Una jumba lenye kuta zilizopindapinda, kona tele. Unataka walinzi wachache iwezekanavyo, na kila sehemu ya jumba ionwe na angalau mmoja wao. Watatosha wangapi? Jibu lake ni tamu. Unalikata umbo zima vipande vya pembetatu, kwa mistari inayotoka kona moja kwenda nyingine. Kisha unazipaka kona rangi tatu, kwa sharti kwamba kila pembetatu ipate rangi zote tatu. Ukimaliza, unahesabu. Rangi iliyotokea mara chache kuliko wenzake, hapo ndipo unaposimamisha walinzi wako. Kwa kuwa kila pembetatu inayo kona ya rangi hiyo, hakuna pembetatu isiyokuwa na mlinzi, na walinzi hawazidi theluthi ya kona. Kompyuta inafanya kazi hiyo kabla hujamaliza kupepesa. Mara ya kwanza kuuona uthibitisho huo nilicheka peke yangu maktabani, wala sioni haya kwa hilo, kwa sababu ni kitu kizuri. Ninachokionea haya ni nilichokifanya nacho, na aliyekilipia si mimi. Ni mama yangu mkubwa, dada yake mama, mgonjwa wa kisukari, aliyelala hivi sasa chumba cha pili na upande mmoja wa mwili uliokufa.

Kwetu ni upande wa Wingwi, na chini ya kwetu kuna bonde la mpunga. Ni la akina mama. Wanaume huonekana pale siku ya kula wali mpya. Mpunga ukianza kutia maziwa, ndege huja makundi kwa makundi, na usipowafukuza tangu alfajiri mpaka magharibi utavuna makapi. Kazi hiyo tunaiita kuamia. Unajenga dungu, yaani kitanda cha fito juu ya nguzo nne kilichoezekwa makuti, unapanda na teo yako ya kurushia na vidonge vya udongo mkavu, na unafunga kamba zenye makopo mpaka mwisho wa jaruba zako, vile vipande vyako vya mpunga. Ndege wakitua unavuta kamba, unarusha kidonge, unapiga ukelele. Ndege wanahamia kwa jirani. Jirani naye anapiga ukelele. Mwezi mzima.

Niliichukia kazi hiyo tangu utotoni kwa chuki safi. Wenzangu walikuwa wakiimba juu ya madungu, mimi nilikuwa nikihesabu siku. Nilipokuwa kidato cha nne mama mkubwa aliniona ninajaribu kusoma kitabu cha fizikia huku nikivuta kamba kwa kidole gumba cha mguu, akanishusha. Msimu ule mzima alilinda jaruba zake na zetu, akikimbia baina ya madungu mawili, ili mimi nikasome. Mama alikuwa na mtoto mchanga. Kwa hiyo nikisema nilisoma kwa juhudi zangu, na nimeshasema hivyo mara nyingi mbele za watu, mjue ninadanganya.

Bondeni kulikuwa na madungu kumi na moja. Kumi na moja, kwa bonde ambalo ukisimama kwenye kilima unalimaliza kwa jicho moja isipokuwa ule mkono wake wa kaskazini unaopinda nyuma ya mlima wa mikarafuu. Likizo nilizokuwa nikija nyumbani niliwatazama wanawake kumi na mmoja wamekaa juu ya vitanda kama kuku wa kutaga, wakipokezana ukelele kutoka dungu moja hadi la pili mpaka la mwisho, kisha unarudi. Baina ya ukelele na ukelele walikuwa wakiulizana habari za harusi. Nilijiambia: hawa hawalindi mpunga, hawa wamehamishia baraza zao bondeni. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na saba na sikuwa na shaka juu ya kitu chochote.

Basi akaja bwana wa mradi. Mara alipofungua mdomo tulijua ni mtu wa Unguja, na tulipoangalia miguu yake tulijua hajawahi kuingia tope, maana viatu vyake vya mpira vilikuwa bado na karatasi ya dukani. Alivaa kizibao chenye mifuko mingi, na mifuko yote mitupu. Alisema amekuja kuwakomboa akina mama. Mwanamke wa Pemba, alisema, anapoteza muda wake juu ya dungu, na muda huo ungeweza kwenda kwenye mafunzo ya bustani za mboga. Kumbe debe tupu halivumi wakati wote. Wakati mwingine linagawa fulana. Sheha wetu, mkuu wa serikali hapa mtaani, ambaye hajawahi kukaa juu ya dungu hata dakika kumi, alilikubali wazo hilo kwa niaba ya wanawake wote kabla hawajaulizwa. Likabaki swali moja: wakipunguzwa, wabaki wangapi, na wakae wapi? Sheha akasema, mbona tunaye mtaalamu wetu.

Hapo ningeweza kusema sijui. Badala yake nililala na furaha.

Nilikwenda bondeni na simu yangu, nikatembea juu ya kingo za jaruba nikipima mahali kila kona ilipo. Bonde halina kona, bonde limepinda linavyotaka, lakini mimi nililinyoosha. Mahali pa kujikunja nikaweka mstari, mahali pa matete nikafuta matete, nikapata umbo safi lenye kona kumi na saba. Nikaliingiza kwenye kompyuta. Rangi ya kwanza kona saba, rangi ya pili kona sita, rangi ya tatu kona nne. Wanne. Kutoka kumi na mmoja hadi wanne. Nilimwandikia mwalimu wangu wa chuo nikamweleza, akanijibu kwa neno moja, maridadi. Yeye naye bonde la mpunga amelionea kwenye kalenda.

Siku ya kuonyesha, karatasi kubwa ilibandikwa kwenye ukuta wa banda la ushirika. Nilisimama na fimbo ya mwalimu nikawaeleza mama zangu pembetatu ni nini. Niliwaeleza jinsi ya kulinda bonde walilolilinda kabla sijazaliwa. Bwana wa mradi alinipiga picha nikiwa nimeinua fimbo. Sheha akasema mwenye macho haambiwi tazama, na wanawake wakasema mashaallah, elimu bahari, Mungu akuzidishie, mwalimu. Hakuna aliyeuliza swali. Nilichukulia kwamba hawakuuliza kwa kuwa nimeeleza vizuri.

Ilipofika kuchagua nani akae wapi, madungu matatu yalipata watu upesi. Lile la nne lilikuwa kwenye mkono wa kaskazini, pale penye kona nyuma ya mlima, na wanawake walianza kutazama vidole vya miguu yao. Mama mkubwa ndiye aliyeinua mkono.

"Hilo ntakaa mie," alisema. "Kachora mwanangu, nikae mie."

Nilimwambia, "Na kisukari chako, mama mkubwa?"

"Kisukari ndo kitakachokaa? Ntakaa mie."

Watu wakacheka, nami nikacheka. Alikuwa akichoma sindano kila asubuhi, na kuna siku alikuwa akitetemeka na kutoka jasho mpaka apewe kitu kitamu. Kila mtu bondeni alijua hilo. Jirani wa dungu lake la zamani alikuwa na chupa ya chai ya sukari kali aliyokuwa akipanda nayo kila siku, na chai hiyo haikuwa ya kwake. Hayo yote nilikuwa nimeyaona kwa macho yangu. Kwenye hesabu yangu hayakuwa na pa kuingia, kwa hiyo sikuyaingiza.

Wiki ya kwanza ndege walikula. Wanawake waliniambia kwa adabu kwamba teo haifiki kule jicho linakofika, na ukelele ukipigwa kwenye dungu moja hausikiki la pili, kwa hiyo hawapokezani tena. Kila mmoja anajipigia mwenyewe. Nikawajibu kwamba lazima wanavuta kamba vibaya. Nilisema hivyo kweli. Nilimwonyesha mwanamke wa miaka sitini jinsi ya kuvuta kamba ya makopo. Alinishukuru.

Wale saba waliokombolewa walikuwa banda la ushirika, wakifundishwa kupanda mchicha na mtu aliyesomea mchicha. Katika watu wa Wingwi nani hajui kupanda mchicha? Lakini kulikuwa na chai na maandazi, na mahudhurio yalipigwa picha kila siku.

Ilikuwa Jumatano ya wiki ya tatu. Skuli tulikuwa tumeshatoka, nami niko barazani nasahihisha madaftari. Mwanamke mmoja kati ya wale saba alikuwa akirudi kutoka kwenye mafunzo yake, akapita njia ya juu ya mlima kukata kuni. Baada ya alasiri alitazama chini akaona mkono wa kaskazini umekuwa mweusi kwa ndege. Hawaruki. Wametua wanakula kama watu walioalikwa. Hakuona mtu, ila alijua ndege hawali hivyo penye mtu. Aliacha kuni zake akateremka mbio.

Mama mkubwa alikuwa chini ya dungu, uso kwenye tope la jaruba, kamba ya makopo imemzunguka mkono. Sisimizi walikuwa wameshamfikia machoni. Alikuwa anapumua.

Tulimbeba kwa kitanda mpaka barabarani, na barabara ile mnaijua, tukasimamisha gari ya abiria iliyokuwa ikirudi Konde na magunia, wakatushushia magunia. Konde tukapata gari nyingine kwenda Wete. Mama alishika kichwa cha dada yake njia nzima na hakuniangalia. Mimi nilikuwa nikisoma Yasini na kukosea aya ninazozijua tangu chuo cha Kurani.

Hospitali daktari alikuwa kijana, mpole. Sukari yake ilikuwa imeshuka mno, alisema, na imekaa chini kwa muda mrefu, na ubongo haupendi hivyo. Kisha akauliza swali ambalo daktari yeyote angeuliza.

"Alianguka saa ngapi?"

Tulikuwa watu sita pale. Wanawake wawili kati yao walikuwa wameshinda siku nzima bondeni wakilinda. Mmoja akasema alimwona asubuhi akipita kwenda kwenye dungu lake, wakasalimiana. Wa pili akasema yeye hakumwona kabisa, kule alikokaa hakuonekani. Daktari akageuka kwangu kwa sababu mimi ndiye niliyevaa kama mtu aliyesoma. Mtaalamu wa nani anamwona nani. Nikasema hatujui.

Inawezekana alianguka saa tatu asubuhi. Inawezekana saa nane. Zamani, katika madungu kumi na moja, ungeuliza swali hilo ungejibiwa na watu wanne kwa pamoja, na mmoja angekwambia alikuwa amevaa kanga gani na ametafuna nini. Ukelele ungefika kwake na kukatika, na kabla hujahesabu ishirini mtu angekuwa ameshashuka kwenye ngazi na chupa ya chai mkononi. Yale maongezi niliyoyaita ya baraza ndiyo yaliyokuwa ulinzi wenyewe. Mpunga ulikuwa ukilindwa humo humo tu.

Nilirudi nyumbani nikafungua kompyuta, kwa sababu mtu wa aina yangu hata akiua hurudi kuangalia hesabu. Hesabu ilikuwa sahihi. Kila sehemu ya bonde ilionwa. Walinzi watatu wa upande wa chini walionana wao kwa wao, kwa bahati. Wa nne hakuonwa na yeyote. Na si kwamba kanuni ilipitiwa. Kanuni inasema kona mbili zilizoungwa na mstari zisiwe za rangi moja. Ndivyo pembetatu inavyopata rangi zake tatu. Maana yake ni kwamba nikiwachagua walinzi kwa rangi, nimewachagua watu waliokatazwa kuwa majirani. Nilikuwa nimechukua wanawake waliojipanga kuonana nikawapanga kwa utaratibu ambao msingi wake ni kutengana.

Tena kuna la kuchekesha zaidi. Swali la walinzi wanaoonana limeshaulizwa na watu wa fani yangu. Lina sura yake kitabuni, walinzi wanaolindwa. Niliiruka sura hiyo nilipokuwa nasoma. Ilihitaji walinzi wengi zaidi, na mimi sikuona uzuri wowote katika jibu linaloongeza watu. Nilikuwa nikitafuta uchache. Watu wote tuliosoma tunatafuta uchache, mpaka zamu ya kupunguzwa itufikie.

Asubuhi ya pili yake wanawake walikuwa bondeni na mapanga. Hapakuwa na mkutano wala aliyemwarifu sheha. Kufika adhuhuri madungu kumi yalikuwa yamesimama mahali pake pa zamani, na makuti mabichi. Bwana wa mradi alipiga simu kuuliza kama mafunzo yataendelea, sheha akamwambia watu wana mgonjwa. Baadaye nilisikia kwamba ile picha yangu na fimbo imo kwenye ripoti yake, ukurasa wa mbele, na chini yake imeandikwa kwamba akina mama wamepunguziwa kazi. Sikumwandikia kumsahihisha. Ningeandika nini ambacho kingeingia kwenye kizibao kile?

Hakuna aliyenilaumu. Nataka hilo lieleweke, maana watu wa nje wanadhani ni upole. Si upole. Nilipita njiani wakaniamkia kama kawaida, mwalimu hujambo, mgonjwa anaendeleaje, na kila salamu niliihisi kofi. Kulaumiwa kungenipa nafasi ya kujitetea.

Mama mkubwa alirudi nyumbani baada ya wiki tano. Mkono na mguu wa kulia haviendi. Maneno hayakurudi. Anatoa sauti moja tu, na sote tumejifunza kuipambanua: ya njaa, ya kutaka kugeuzwa, ya kukataa. Anatuelewa, kwa sababu ukisema jambo la kuchekesha upande mmoja wa mdomo wake unapanda. Mwanamke aliyekuwa akipiga ukelele ndege wakahama bonde zima.

Juzi Ijumaa asubuhi mama alikuwa akimlisha uji, nami nimekaa kwenye mkeka nikikunja nguo zake. Nikasema, bila ya kuulizwa, yale ambayo nilikuwa nimeyakusanya kwa miezi. Nilisema sikujua. Nilisema kama ningejua kwamba pale hapaonekani na mtu nisingepachagua, nilikuwa nimetazama ramani tu, sikupanda kila dungu nikaangalia.

"Mie n'lijua," mama alisema.

Nikamtazama.

"N'lijua siku ile ile ulipobandika ile karatasi. Alama uloweka huko kaskazini, mlima unakuja mbele. Ntu akikaa pale haonekani. Sote tulijua. Ntu kalima bonde hili miaka arubaini asijue?"

"Mbona hamkusema?"

Alimfuta dada yake kidevu kwa pindo la kanga, pole pole, akachota kijiko kingine akakipuliza.

"Weye ulikuwa umesimama mbele ya sheha na yule bwana wa watu, wanakusifu. Ningekwambia nini mbele ya watu, mwanangu? Kwamba hujui?"

Niliuliza, na nilijua jibu kabla sijamaliza kuuliza, kama mama mkubwa naye alikuwa anajua.

"Yeye ndo wa mwanzo. Aliniambia pale pale sikioni, wakikataa wote hapo, huyu ntoto ataona haya. Ndo akanyoosha mkono."

Mama mkubwa alikuwa akinitazama. Mdomo wake ulipanda upande mmoja, ule unaopanda. Nikachukua bakuli mkononi mwa mama nikasogea kitandani, nikamlisha uji uliobaki.